Pima Mtaa Kabla ya Kupima Gari: Mwongozo Kamili wa Kununua Magari ya Uokoaji na Ngazi za Zimamoto kwa Jiji la Kisumu

Gari lilikuwa na siku 11 tangu lizinduliwe, na utepe wa sherehe ulikuwa bado umefungwa kwenye kioo cha pembeni. Ulikuwa mji mmoja wa huku magharibi, saa nne usiku, na maduka matatu ya mbao yalikuwa yameshika moto. Kijana wetu aliburuta mpira hadi kwenye haidranti, lile bomba la maji la mtaani la kuzimia moto, akapiga goti, akasukuma kichwa cha mpira kwenye mdomo wa chuma. Hakikuingia. Akakigeuza, akajaribu tena. Mimi nilikuwa kwenye pampu nikitazama kipimo cha tenki kikishuka, nikadhani ni kutu tu. Nilipomfikia na tochi ndipo nikaona. Mpira uliokuja na gari ulikuwa na kiungo cha Kijerumani, kile cha makucha mawili yanayozungushwa hadi yashikane. Haidranti ya mji ule ilikuwa ya kiungo cha Kiingereza cha inchi 2.5, ambacho husukumwa kikajifunga chenyewe kwa chemchemi. Viwili hivyo havioani hata kidogo. Kilichokosekana ni kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na hakuna aliyekiandika kwenye zabuni.

Lita 4,000 za tenki ziliisha. Mama mwenye duka la katikati alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, mmekuja na gari la maji lisilo na maji?" Sikuwa na la kumjibu.

Tangu usiku ule, nikiitwa kusaidia kuandika masharti ya gari jipya, siangalii picha za magari kwanza. Naomba tepu ya kupimia na kitabu cha matukio cha kituo. Mwongozo huu ni wa afisa wa kituo, mhandisi wa kaunti, afisa wa ununuzi, na pia mwakilishi wadi anayeketi kwenye kamati ya bajeti, maana Katiba ya 2010 iliweka zimamoto mikononi mwa kaunti na pesa hupitia kwao. Nimeuandika nikiiwaza Kisumu kwa kuwa ndiko ninakojua kona na mitaro. Mtu wa Nakuru, Eldoret au Kakamega abadilishe majina ya mitaa, aendelee.

Hatua ya 1: Tembea mtaani na tepu

Tenga siku tatu mchana na mbili usiku. Usiku ni lazima, kwa sababu barabara ya saa nne asubuhi na ya saa nne usiku ni barabara mbili tofauti. Magari huegeshwa pande zote, vibanda husogea mbele, na lango lililokuwa wazi mchana hufungwa kwa mnyororo. Nenda na dereva mkongwe kuliko wote kituoni. Yeye anajua ni kona gani iliwahi kukwaruza bodi.

Anza na Oginga Odinga Street na mitaa inayoikata, kisha Kibuye siku ya soko, halafu Kondele, Manyatta, Obunga na Nyalenda. Kila mahali andika upana wa barabara uliobaki baada ya magari kuegeshwa, urefu wa nyaya za umeme kutoka ardhini, na kona ambazo gari refu halikati bila kurudi nyuma. Kwa kila jengo refu, pima umbali kutoka ukutani hadi mahali gari linaweza kusimama kweli. Kipimo hiki cha mwisho ndicho watu husahau, na ndicho kitakachoamua ngazi yako. Jengo lenye ua, ukuta wa mawe na maegesho mbele yake laweza kulisimamisha gari mita 15 mbali na dirisha.

Tazama chini pia. Sehemu nyingi za tambarare ya Kisumu zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaofura mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi. Weka alama kwenye kila mfuniko wa mtaro na wa shimo la majitaka ulio karibu na jengo refu. Sababu utaiona tukifika kwenye ngazi. Nakuru shida ni nyingine: mji unapanda kuelekea Menengai, kwa hiyo mwenzangu wa huko apime mteremko wa barabara kwa digrii, maana gari la ngazi lina kikomo cha mteremko linaloweza kujisawazisha.

Kaeni pia na watu wa KIWASCO, kampuni ya maji ya Kisumu, mezani, ramani ikiwa wazi. Ni haidranti zipi zina maji, za kiungo gani, na presha ikoje saa za jioni? Kisha mwende mkazifungue kwa mkono wenu. Haidranti ya kwenye ramani haizimi moto.

Hatua ya 2: Kisome kitabu cha matukio

Chukua miaka mitano ya kitabu, panga kila mwito kwa aina yake: moto wa nyumba, moto wa soko, ajali ya barabarani, mtu ndani ya kisima au choo cha shimo, mafuriko, mgodi ulioporomoka, jengo la ghorofa. Ukimaliza, hesabu ni mara ngapi ungehitaji ngazi ndefu kweli, na ni mara ngapi ungehitaji mkasi wa kukatia chuma, kamba, mashua au maji mengi zaidi.

Nasema hili bila kuficha: kwa miji yetu mingi, gari la uokoaji na gari zuri la maji hutangulia, ngazi hufuata. Ngazi hupigwa picha vizuri na hujaza ukurasa wa gazeti. Lakini barabara zetu huua kila wiki. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilivamia magari na wachuuzi pale njiapanda ya Londiani, watu zaidi ya 50 wakafa. Ajali ya namna ile huhitaji kunyanyua tani nyingi za chuma bila kumponda aliye chini yake, na ngazi haiwezi kazi hiyo. Kama kitabu chako kinasema vingine, kifuate kitabu chako.

Hatua ya 3: Gari la uokoaji, kwa ajali zetu

Vitabu vya picha vya watengenezaji huonyesha gari la uokoaji la nchi nyingine: gari dogo limegonga mti, na wazima moto wanne wanalifungua kama mkebe. Kwetu huku kuna matatu iliyoingia chini ya trela la miwa, boda boda chini ya lori, na lori la mafuta lililolala mtaroni likielekea Busia.

Vifaa vya haidroliki ni moyo wa gari hili: taya za kupanua, mkasi wa kukata, na nguzo za kusukuma. Vingi hufanya kazi kwa presha ya karibu baa 700 (baa ni kipimo cha presha). Siku hizi vipo vya betri, visivyo na mipira ya mafuta wala injini ya pembeni, na mtu mmoja hukimbia navyo hadi ndani ya mtaro. Mimi navipenda, kwa masharti mawili. Kila kifaa kije na betri zisizopungua mbili, na gari liwe na chaja yake inayochaji likiwa limeegeshwa kituoni. Na angalau seti moja ya akiba iwe ya pampu ya injini, kwa sababu ajali ya basi inaweza kuchukua saa sita. Waombe wauzaji waoneshe mkasi ukikata nguzo ya mlango wa gari jipya. Chuma cha magari ya sasa ni kigumu kuliko cha zamani, na mkasi wa zamani hung'ata tu ukaachia.

Mifuko ya kunyanyulia ndiyo inayosahaulika, nami naipa uzito mkubwa. Mfuko wa mpira wa sentimita 60 kwa 60 ukijazwa hewa ya baa 8 unanyanyua kinadharia kama tani 29, na unaingia kwenye mwanya wa vidole viwili. Nguvu hiyo hupungua kadiri mfuko unavyofura, kwa hiyo huwezi kuutegemea peke yake. Andika kwenye zabuni jozi tatu za ukubwa tofauti, pamoja na magogo na kabari za kutosha kujaza sanduku zima. Kila sentimita inayonyanyuliwa na mfuko lazima ifuatwe na gogo chini yake. Nimemwona kijana akiingiza mkono chini ya tela iliyoshikwa na hewa peke yake, na hadi leo nikikumbuka natokwa na jasho.

Kisha ongeza vya kwetu. Tripodi na winchi ya mkono ya kumshusha na kumpandisha mtu kisimani. Kipima gesi, kwa sababu anayeshuka chooni kumwokoa mwenzake bila kipimo mara nyingi huwa maiti ya pili. Mbao na jeki za kushikilia udongo, kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kakamega, Vihiga na Siaya yanayoporomoka. Mashua ya kujaza hewa na maboya, kwa ajili ya mto Nyando kufurika hadi tambarare za Kano. Mitungi ya kupumulia isipungue sita, na kompresa ya kuijazia iwe kituoni. Mtungi wa lita 6.8 wenye presha ya baa 300 una kama lita 2,000 za hewa, na mtu anayefanya kazi nzito huumaliza kwa dakika 40 au chini yake. Mitungi sita bila kompresa ni uokoaji wa mara moja.

Kwa chesisi ya gari hili, yaani lori lenyewe linalobeba bodi, chagua inayoendeshwa magurudumu yote. Lori linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu kwenye udongo mweusi wa Ahero mwezi wa Aprili halifiki, hata liwe na vifaa vya dhahabu.

Hatua ya 4: Maji, pampu na povu

Piga hesabu hii kwenye kikao, ubaoni, kila mtu aione. Mpira mmoja wa kushambulia moto hutumia kama lita 400 kwa dakika. Tenki la lita 4,000 linalisha mipira miwili kwa dakika 5. Sasa ujiulize haidranti ya karibu iko wapi, na boza la maji litachukua dakika ngapi kutoka linakojaza. Hapo utajua kama unahitaji tenki kubwa zaidi au boza la pili. Aghalabu ni boza la pili.

Usilitatue kwa kurundika maji kwenye gari moja. Lita 1,000 ni tani moja. Chesisi na bodi vikiwa tani 8 au 9, maji lita 10,000, watu sita na vifaa, umefika tani 20. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu tani 18 kwa gari la ekseli mbili na tani 26 kwa la ekseli tatu. Hata kama hakuna atakayekupeleka mizani king'ora kikilia, breki na tairi hazisikii king'ora. Dai pia tenki liwe na kuta za ndani za kuvunja mawimbi. Maji ya tenki lililojaa nusu yakihamia upande mmoja kwenye kona, gari hulala.

Kuhusu pampu, usiandike tu "pampu yenye nguvu". Kiwango cha Ulaya cha EN 1028 huandika FPN 10-2000, maana yake lita 2,000 kwa dakika kwa presha ya baa 10, ikivuta maji kutoka mita 3 chini yake. Kipimo hicho kinatosha gari la kwanza la mji wetu. Lakini kumbuka tulipo. Pampu haivuti maji. Inaondoa hewa mpirani, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Usawa wa bahari, hewa inaweza kupandisha maji mita 10.3 kinadharia. Kisumu tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari, kwa hiyo kikomo ni kama mita 9. Nakuru, kwenye mita 1,850, hushuka hadi 8.3, na Eldoret karibu 8. Kivitendo unapata pungufu ya hapo. Kwa hiyo andika kwamba uwezo wa pampu na nguvu ya injini vithibitishwe kwa mwinuko wa mji wako, na jaribio la kupokea lifanyike kwako, na si kiwandani Ulaya wala Uchina. Sisi tuna ziwa, tusilisahau. Gari lenye mipira migumu ya kuvutia na chujio linalotosha linaweza kusimama ufukweni Dunga likalisha maboza ya maji usiku kucha, ilimradi chujio lisizibwe na magugu. Omba chujio la kuelea.

Sasa povu. Tarehe 31 Januari 2009 pale Sachang'wan, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 walikufa. Malori kama yale yanapita Nakuru na Kisumu kila siku kuelekea Uganda. Maji matupu juu ya petroli huusambaza moto. Kwa hiyo gari la kwanza liwe na mchanganyaji wa povu na tenki la dawa ya povu. Ukichanganya asilimia 3 kwenye lita 400 kwa dakika, unatumia lita 12 za dawa kila dakika. Lita 100 huisha baada ya dakika 8, kwa hiyo akiba ya kituoni ni muhimu kuliko tenki lenyewe. Na kwa kuwa ukanda wa miwa, Muhoroni ikiwemo, hutengeneza spiriti, dawa iwe ya aina inayostahimili alkoholi. Spiriti huivunja povu ya kawaida ikayeyuka mbele ya macho yako.

Hatua ya 5: Ngazi

Urefu wa ngazi ulioandikwa ubavuni mwa gari hauwezi kukuambia unafika wapi. Wajerumani wameliweka jambo hili wazi kwa ngazi yao ya kawaida, iitwayo 23-12: inamfikia mtu mita 23 juu, ilhali gari limesimama mita 12 kutoka ukutani. Ngazi yenyewe ikinyooshwa yote ni kama mita 30. Ukihesabu mita 3 kwa kila ghorofa, dirisha la ghorofa ya 7 juu ya ile ya chini liko mita 22 hivi. Basi ngazi ya "mita 30" inakufikisha ghorofa ya 7, na hapo ni kama utasimama mita 12. Ukirudishwa nyuma hadi mita 18 na ukuta wa ua, hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu kompyuta ya gari hukataa kuinamisha ngazi kupita pale itakapopinduka. Ndiyo maana nilisema upime ua kwanza. Chukua majengo yako kumi marefu zaidi, kila moja na umbali wake, uwape wauzaji. Kila mmoja akuchoree kwenye mchoro wa eneo la kazi la ngazi yake anafika dirisha gani, kikapu kikiwa na watu watatu. Anayekataa kuchora, mshukuru umwage.

Kuna aina mbili za msingi. Ya kwanza ni ngazi ya vipande vinavyoteleza, yenye kikapu mwishoni, juu ya kitako kinachozunguka. Ni nyepesi, hufunguka upesi, na watu wanaweza kushuka kwa miguu juu yake. Ya pili ni mkono wa haidroliki wenye viungo na jukwaa kubwa. Mkono huo unaweza kupita juu ya paa na kushuka upande wa pili, hubeba watu zaidi na hutoa maji mengi, ila ni mzito na polepole zaidi kusimamisha. Kwa mitaa ya katikati ya Kisumu, ningechukua ya kwanza, juu ya chesisi ya ekseli mbili, tani 16 hivi. Magari ya ngazi ya Marekani ni imara na yanapendeza, lakini mengi huzidi tani 30, na yameundwa kwa barabara pana na haidranti kila kona. Hatuna hivyo.

Miguu ya gari ndiyo inayonisumbua usingizini. Ngazi ikigeuzwa upande mmoja, mguu mmoja unaweza kubeba tani 10. Tani 10 juu ya bamba la sentimita 30 kwa 30 ni kilo 11 kwa kila sentimita ya mraba. Udongo mweusi uliolowa hauwezi kubeba hata sehemu ya kumi ya huo. Ukiweka bamba la sentimita 60 kwa 60, unashuka chini ya kilo 3, na bado unahitaji ardhi iliyoshindiliwa. Katika mazoezi fulani nilisikia mlio mkavu kama wa kijiti, nikatazama: mguu wa nyuma ulikuwa umeanza kuupasua mfuniko wa mtaro uliofunikwa na vumbi. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, ukienda ukirefuka. Mwendeshaji alirudisha ngazi katikati taratibu bila kupiga kelele, na namsifu hadi leo. Kwa hiyo zabuni idai mabamba makubwa manne, miguu inayoweza kufunguliwa nusu upande mmoja mahali penye ubana, na kompyuta inayopunguza eneo la kazi yenyewe kulingana na upana wa miguu.

Ongeza haya mawili. Upepo: ngazi na majukwaa mengi huishia mita 12.5 kwa sekunde, na upepo wa ziwa alasiri unafahamika, kwa hiyo kipima upepo kiwe kileleni na kionekane kwa mwendeshaji. Umeme: ngazi ya chuma haina kinga. Kaa zaidi ya mita 3 kutoka nyaya zenye hadi volti 50,000, na jizoeze kuwapigia watu wa umeme wakate kabla ngazi haijapanda. Mitaa mingine ina nyaya nyingi mno mbele ya madirisha, na jibu la kweli hapo ni kwamba ngazi haitatumika upande ule. Liandike kwenye ramani ya kituo.

Na majengo yanayozidi ngazi? London usiku wa tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell lenye ghorofa 24 lilipowaka, ngazi za jiji hilo zilifika kama mita 30, na gari la mita 42 liliazimwa kutoka kaunti jirani ya Surrey. Watu 72 walikufa. Baadaye London ilinunua ngazi za mita 64. Kwetu, gari la namna hiyo litameza bajeti ya miaka na huenda lisikate kona ya kuingia mtaani. Jengo la ghorofa 12 huokolewa na ngazi zake za ndani zisizojaa moshi, na bomba la wima la kupandishia maji ambalo wazima moto huliunganisha chini. Kaunti ndiyo inayoidhinisha ramani za majengo. Sharti hilo linagharimu kalamu tu.

Hatua ya 6: Chesisi, mafuta na fundi

Gari la zimamoto huishi miaka 15 mstari wa mbele na mingine kama akiba, na Wamarekani hushauri liondolewe kabisa likifikisha 25. Katika miaka hiyo, fundi atalishika mara nyingi kuliko mwendeshaji. Basi chukua chesisi ambayo muuzaji wake ana karakana na spea nchini, na kama inawezekana iwe ya jina ambalo mafundi wa huku tayari wanalifungua kila siku kwenye malori ya miwa. Mwombe muuzaji orodha ya spea 20 za kawaida na bei zake leo, kisha piga simu dukani mwenyewe uulize kama zipo.

Injini ni mtego mwingine. Mwaka 2015 salfa kwenye dizeli yetu iliwekewa kikomo cha sehemu 50 kwa milioni, ilhali injini nyingi za kisasa zaidi za Ulaya zimeundwa kwa sehemu 10. Mtengenezaji aandike kwa barua kwamba injini anayokuuzia inakubali dizeli ya Kenya na waranti haitavunjika. Gari lililotumika nje linavutia kwa bei, ila kumbuka masharti ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kuhusu umri wa magari, na ngazi kuukuu bila rekodi ya vipimo vya welding siishauri hata kwa zawadi.

Pima mlango wa kituo. Niamini, fanya hivyo leo.

Hatua ya 7: Hati za zabuni

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hairuhusu uandike jina la kampuni pale unapoweza kueleza kipimo, na ukilazimika kulitaja, uongeze "au inayolingana". Hiyo ni faida yako. Eleza kazi: "kikapu chenye watu watatu kifike mita 22 gari likiwa mita 12 kutoka ukutani" ni sharti ambalo halina mlango wa nyuma. Taja viwango: EN 1846 kwa magari, EN 14043 kwa ngazi, EN 1777 kwa majukwaa, EN 13204 kwa vifaa vya haidroliki, au viwango vya NFPA vya Marekani, ila usichanganye nusu hiki nusu kile kwenye gari moja.

Andika viungo vya mipira kwa jina na kipimo, pamoja na adapta mbili kwa kila aina ya haidranti iliyopo mjini. Andika mafunzo ya waendeshaji sita wa ngazi na makanika wawili, kwa lugha wanayoielewa, pamoja na mazoezi ya usiku. Andika miaka miwili ya spea na ziara za fundi ndani ya bei. Malipo ya mwisho yafungwe kwenye jaribio la kupokea, na si kwenye kuwasili bandarini. Acha pia siku 14 za mzabuni aliyeshindwa kwenda kwenye bodi ya rufaa kwenye ratiba yako, ili usije ukakimbizana na mwisho wa mwaka wa fedha mwezi wa Juni na kukubali chochote kilichoko bandarini.

Hatua ya 8: Kupokea, kabla ya utepe

Kamati ya ukaguzi na upokeaji iwe na mzima moto anayeendesha pampu. Siku ya kwanza, jaza gari maji, panda na kikosi kamili, nenda mizani. Linganisha uzito wa kila ekseli na kibao cha mtengenezaji. Siku ya pili, pampu: kiwango cha Marekani ni saa 3, mbili za kwanza kwa uwezo wote, nusu saa kwa asilimia 70 na nusu saa kwa asilimia 50 huku presha ikipandishwa. Fanyeni ufukweni, mkivuta maji ya ziwa. Tafuta uvujaji kwa kuzima vali zote na kuvuta hewa, kisha subiri dakika 5 ukiitazama sindano.

Siku ya tatu, ngazi: pandisha na uzito wa kikapu kizima kila upande, mbele ya majengo yale kumi uliyoyapima. Washa pampu ya dharura, zima injini, ushushe ngazi hadi chini. Siku ya nne, endesha njia zote za Hatua ya 1, usiku, hadi kona zile mbaya. Na kabla ya kutia sahihi, nenda na mpira uliokuja na gari hadi haidranti tano mtaani. Mshike kijana mgeni kuliko wote, mpe kichwa cha mpira, umwambie afungue maji.

Ukishalipokea, tengeneza kibao kidogo cha rangi isiyofutika, ukibandike juu ya usukani: urefu wa gari kwenda juu, upana, uzito likiwa limejaa, na urefu wa kikapu likiwa barabarani. Dereva wa zamu ya usiku atakisoma akikaribia daraja au lango asilolijua. Kwenye kitabu cha gari andika tarehe tatu: ya jaribio la pampu la kila mwaka, ya ukaguzi wa ngazi wa kila mwaka, na ya uchunguzi wa welding na chuma bila kuharibu, ambao hufanywa kila baada ya miaka 5. Weka tarehe hizo pia kwenye kalenda ya afisa wa bajeti, kwa wino mwekundu, pamoja na fungu lake la pesa.